Umeruka Mstari

Mimi ndiye mwenye mizani pale mwaloni Kirumba,
ile ya pili ukitoka banda la barafu.
Dagaa wakishushwa, magunia yakipangwa,
hakuna anayeniangalia mimi.
Wote wanaangalia mshale.

Mshale hauna shemeji.
Haujui nani diwani, nani kafiwa jana.
Mwaka jana watu wa Vipimo walikuja na jiwe lao la shaba
ndani ya sanduku lenye kufuli,
wakalitua juu ya sahani yangu, wakanyamaza.
Jiwe halikupimwa na mizani.
Mizani ndiyo iliyopimwa na jiwe.

Nililikumbuka jiwe lile Jumapili moja Buzuruga,
alipokuja Mtume Edisoni, viatu vyeupe,
akasema Kitabu ni kiporo cha jana,
yeye anao mkate unaotoka motoni sasa hivi.
"Bwana kaniambia usiku wa kuamkia leo!"
Na chupa ya maji, elfu kumi na tano,
maji yaleyale ya ziwa tunayooshea ndoo.
Watu walilia.
Nami machozi yalinilenga, sifichi,
sauti yake ilikuwa tamu.
Ndipo mama yangu, Kwandu binti Masunga,
asiyeijua hata a,
akainua Biblia yake ya Kisukuma,
jalada limeshonwa kwa uzi wa nyavu,
akauliza hadi benchi la nyuma likasikia:
"Imeandikwa wapi?"

Feni iliendelea kuzunguka.

Huyu ndiye aliyenifundisha kusoma bila yeye kujua kusoma.
Igombe, usiku, koroboi katikati yetu,
mimi nasoma, yeye anapeta mchele,
nikichoka naruka majina, fulani kamzaa fulani,
naye, bila kuinua macho kwenye ungo:
"Umeruka. Rudi."
Siku moja nilimwuliza, majina haya yana faida gani?
Akatoa chuya moja, akaitupa nje.
"Mchele nachagua mimi. Hicho hakichaguliwi.
Ukianza kubakiza kinachokupendeza,
utakuwa unajisomea moyo wako, mwanangu,
na moyo wako naujua, niliuzaa."

Sasa macho yake yameingia ukungu.
Yule mtume alishahamia Geita na spika zake,
na mimi wiki nzima nilitembea kifua mbele,
nikiwasimulia wapagazi jinsi tulivyomnyamazisha,
*tulivyo*, nasema, kana kwamba nami nilifungua mdomo.
Jumamosi jioni nikamsomea mama kama zamani.
Tukafika penye habari za mizani,
jiwe la haki na jiwe la hila,
ulimi wangu ukapinda, ukapita kando
kama mtumbwi ukwepao mwamba unaoujua.
Kwani chini ya sahani yangu kuna kipande cha risasi
kilichokatwa kwenye wavu chakavu, kidogo kama ukucha.
Nilikibandika mwezi wa Mei.
Nusu kilo kwa gunia. Nusu tu.
Ada ya Sayi ilikuwa imekaribia.

"Umeruka," mama akasema.

Mbwa wa jirani alibweka, akaacha.
Safari hii sikuwa na pa kuuliza imeandikwa wapi.
Kidole changu kilikuwa juu yake.
Nikarudi, nikasoma,
na sauti yangu haikuwa tamu hata kidogo.
Mama hakusema neno. Alipapasa tu ukurasa,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Jumatatu nilifika mwaloni kabla ya mpagazi wa kwanza,
bisibisi mfukoni, tochi mdomoni.
Kilitoka kwa ubishi, na kutu, na magamba ya samaki.
Mshale ulirudi nyuma, kiasi cha unywele,
ukatetemeka, ukatulia penye sifuri.

Nusu kilo zile za Mei hadi leo
sijui nizirudishe kwa nani, wateja wengi ni wa Kongo.
Na risasi ingali mfukoni.
Kuitupa ziwani naona haya.